Balozi na Mlango wa Kaka Yake

Watu wengi wakisikia kwamba balozi wetu alikuwa binti wa ukoo wa kifalme, huona taji na mkono unaopunga. Kaveinga, aliyembebea mikeka na maneno yake katika nchi tatu, hakuwahi kuliona hilo taji. Alichokiona miaka yote ile ni mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye viatu bapa vya ngozi, akikaa. Kazi ya Mtukufu Lesieli ilikuwa kukaa. Alikaa kwenye dhifa, kwenye misiba, kwenye ufunguzi wa madaraja na viwanda vya samaki, mgongo umenyooka, na nzi akimtulia puani alimwachia nzi aamue mwenyewe. Wageni waliokaa naye mezani kujadiliana habari za jodari wetu walianza kwa kujiamini, wakaendelea kwa jasho, na mwisho wakakubali ili wapate kwenda msalani.

Kuongea haikuwa kazi yake. Hiyo ilikuwa ya Kaveinga. Ukoo wa Kaveinga ni wasemaji. Tangu enzi za mababu wao ndio midomo ya ukoo ule, na mtu mkubwa hajisemei mbele za watu, kama ambavyo hajipikii. Mtukufu alitoa neno moja, Kaveinga akakohoa, akalipiga chuku mpaka likawa mia. Kule Beijing, siku ya kuwasilisha hati zake, Mtukufu alisema, "Tunashukuru." Kaveinga akaongea robo saa nzima. Alipita kwa mababu, akavuka bahari, akaisalimu milima ya wenyeji mmoja mmoja kwa jina, ndipo akarudi na kunyamaza. Mkalimani alikuwa ameloa jasho. Afisa wa itifaki akauliza kwa upole kama ni kweli Mtukufu alisema yote hayo.

"Yote," akajibu Kaveinga.

"Aliyasema saa ngapi?"

"Alipovuta pumzi."

Mtukufu alitazama mbele, hana habari. Walipoingia garini ndipo akauliza, "Ile milima umeitoa wapi?"

"Kwenye kalenda ya hotelini, Mtukufu."

"Mmoja ni wa Japani."

Kaveinga akanyamaza mpaka ubalozini.

Mtukufu alikuwa na kaka mmoja, Sioeli. Huyu alimtangulia kuzaliwa, na hilo ndilo jambo pekee alilowahi kumtangulia, kwa sababu kwetu dada humzidi kaka cheo, awe amezaliwa kabla yake au baada. Sioeli alipata ardhi, jina la ukoo na kiti cha bungeni, lakini dada yake akipita alisimama pembeni kama watu wengine. Walipokuwa wadogo alimfundisha kukamata kaa kwenye miamba, na siku kaa alipomng'ata kidole dada, aliyelia zaidi ni yeye. Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza, akahamishiwa nyumba ya wavulana uani, na mambo yakafungwa. Hawakula tena pamoja. Hawakutaniana. Hakuna aliyeingia chumba anacholala mwenziwe. Redio ikianza kichekesho na wote wawili wako ukumbini, mmoja aliinuka akatoka kama aliyekumbuka kuku, na anayetoka siku zote ni kaka.

Tabu ilikuwa kwenye sinema. Nuku'alofa, mji wetu mkuu, ilikuwa na jumba moja tu la sinema, na Sioeli alikuwa mlevi wa filamu. Kwa bahati mbaya dada yake naye hivyo hivyo, na kwa bahati mbaya zaidi wakubwa hawafiki mahali mapema. Sioeli alikuwa ameshatulia kitini na mfuko wake wa karanga, filamu imeshakolea, ndipo mnong'ono unapita safu kwa safu: "Mtukufu kaja." Basi akainuka, akainama, akatoka kwa mlango wa nyuma na karanga zake. Mwanamume hawezi kukaa gizani na dada yake wakitazama watu wanabusiana. Hivyo ndivyo alivyoingia uzeeni bila kujua filamu hata moja iliishaje. Angeweza kuuliza, lakini mtu wa cheo chake hasimami sokoni kuuliza kama yule mwenye farasi mweupe alinusurika.

Nyumba zao zilitazamana, barabara katikati, na kila neno lililovuka barabara ile lilivuka mdomoni mwa Kaveinga.

"Mwambie aache ukaidi wa nguruwe," Sioeli alisema wakati fulani, habari ya shamba.

Kaveinga akavuka. "Mheshimiwa anastaajabia uthabiti wa ukoo wenu."

"Ameniita nguruwe?"

"Hakumtaja mtu kwa jina, Mtukufu."

"Mwambie na yeye."

Kaveinga akavuka tena. "Mtukufu anasema sifa hiyo ni yenu wote wawili."

Maisha yakaenda hivyo, kila mmoja akijua mwenziwe amesema nini hasa, na wote wawili wakimwacha Kaveinga ale mshahara wake.

Kisha serikali, bila kufikiri, au baada ya kufikiri sana, ikamfanya Sioeli waziri wa mambo ya nje. Sasa alikuwa mkubwa wa kazi wa dada yake, na kaka hamwamuru dada hata ampishe njia. Mabalozi wengine walipata simu za maandishi zenye maagizo: nenda, saini, rudi. Ya Mtukufu ilisema kwamba Wizara inawaza mkutano fulani ungependeza zaidi kama mtu fulani angekuwepo. Mtukufu aliisoma, akamwambia Kaveinga, "Fungasha." Kazi za taifa zilikwenda vizuri, na hakuna aliyemwamuru mtu.

Mwaka ninaousimulia, Beijing ilikuwa imekwisha na Brussels inangoja. Mtukufu alikuwa nyumbani kwa majuma machache tu, kati ya baridi moja na nyingine. Kaveinga naye alikuwa kwake, anakula majani ya magimbi yaliyofungiwa nyama ya kopo, huku mkewe Luseane akimtazama kama mtu anayepima mzigo.

"Hiyo Brussels iko wapi?"

"Ulaya."

"Kuna baridi?"

"Wanasema."

"Wanasema! Beijing walisema hivyo hivyo, ukarudi na kifua kinapiga filimbi. Safari hii, Baba Mele, chukua na jeneza kabisa. Utatuokolea nauli."

"Mimi ni mdomo wake. Mdomo unabakije nyuma?"

"Na mdomo ulipoolewa na mimi—"

"Ulipooa."

"Usinisahihishe ukiwa unatafuna! Mjukuu wako hajui kama wewe ni babu au ni mgeni wa Krismasi."

Kaveinga akaendelea kutafuna. Ukweli ni kwamba hakutaka kwenda hata kidogo. Alikuwa amechoka na koti, amechoka na supu, na usiku kule alijisikia mzee. Lakini msemaji hana neno lake mwenyewe, na hili lilikuwa lake, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kulipeleka.

Ndipo Kalolaine, mke wa Sioeli, alipoingia kwa mlango wa jikoni. Mke wa mtu mkubwa haingii kwa watu kupitia jikoni. Luseane aliinuka bila kuulizwa, akavuta mkeka, akamwekea maji.

"Kaveinga," akasema Kalolaine, "daktari amenena. Ni ini. Viazi vikuu vya mwaka huu hatavila."

Mheshimiwa alikuwa hajaonekana kanisani tangu mwezi uliopita, na watu walikuwa wamekubaliana kwamba ni mafua.

"Mwambie wifi yangu kabla hajaondoka," Kalolaine akaendelea. "Ndege ni Ijumaa ya wiki ijayo. Akienda Brussels, hamwoni tena."

"Nitamwambiaje Mtukufu habari za mwili wa kaka yake?"

"Mimi nitajuaje? Msemaji ni wewe."

Hapo ndipo palipokuwa na kisu. Dada hatajiwi mwili wa kaka, wala uzima wake wala ugonjwa. Hamwoni kitandani. Chumba cha kaka ni mwiko kwake, mlango ukiwa wazi au umefungwa, awe kaka mzima au anakata roho. Kalolaine alishajaribu kumshawishi mumewe abebwe mpaka ukumbini ili dada apate kumwona. Sioeli alisema hatabebwa mbele ya dada yake kama gunia la muhogo, akageukia ukutani.

Jioni ile Kaveinga alimkuta Mtukufu kibarazani mwake, amekaa. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na njia yenyewe ilikuwa fupi.

"Mtukufu," akaanza, "ule mti mkubwa ulio ng'ambo, ambao kivuli chake kimetukinga sote, majani yake, kwa kadiri upepo wa majira haya unavyo—"

"Kaveinga."

"Mtukufu."

"Najua. Kisiwa kizima kimeniambia. Tangu Jumapili kila ninayekutana naye ananiuliza hali ya nguruwe zangu. Sina nguruwe." Akashusha sauti. "Anapata usingizi?"

Kaveinga aliangalia miguu yake. Mtukufu mwenyewe alishtuka kusikia alichokiuliza.

"Lifute hilo," akasema.

"Sikulisikia, Mtukufu."

Ng'ambo ya barabara taa iliwashwa kwenye dirisha la chumba cha pembeni. Mtukufu aliitazama.

"Nimeingia ikulu za watu ambao siwapendi hata kidogo," akasema. "Nimetembezwa vyumba kwa vyumba, nikaonyeshwa hata mabafu. Na pale, hatua chache, siwezi kuingia."

Alilia. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kidevu, na yeye hakuinua mkono kuyafuta, kwa kuwa alikuwa amekaa. Kaveinga, aliyekuwa na neno la kila tukio chini ya mbingu, alikaa tu naye mpaka giza likaingia.

Asubuhi aliitwa. Mtukufu alikuwa amevaa nguo za kazi.

"Nilipokwenda Beijing, nani aliniaga na kunipa maagizo?"

"Waziri wa wakati ule, Mtukufu. Ofisini kwake."

"Na kwenda Brussels?"

"Bado hujaagwa."

"Basi siruhusiwi kupanda ndege. Niombee miadi kwa Waziri."

"Mtukufu, ofisi ya Waziri imefungwa. Waziri yuko..." Kaveinga akatafuta namna ya kusema mtu yuko kitandani bila kukitaja kitanda. "Waziri anafanyia kazi nyumbani."

"Ofisi ya Waziri iko alipo Waziri. Hiyo ni sheria ya kimataifa."

"Kweli, Mtukufu?"

"Nitakuwa na jibu nikiulizwa. Nenda."

Kaveinga akavuka. Sioeli alikuwa amelala chali, rangi ya manjano, amepungua mpaka macho ndiyo yaliyobaki na kazi ya mwili mzima. Kaveinga akaketi sakafuni karibu na mlango, akasema kwamba Balozi mteule wa Brussels anaomba kupokewa na Waziri wa Mambo ya Nje kwa ajili ya kuagwa rasmi, kama utaratibu unavyodai.

Sioeli alitafakari. "Apokewe humu chumbani?"

"Humu Wizarani, Mheshimiwa."

Mgonjwa akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, Kalolaine akamwinua, akamlaza tena. Alipoweza kusema, alisema, "Leteni bendera."

Katibu mkuu wa wizara, bwana mmoja mwembamba aitwaye Mafile'o, alifika na bendera, mhuri, na wasiwasi wake. Alikuwa mtu wa kumbukumbu sahihi. Alisimama katikati ya chumba, kalamu mkononi.

"Kitanda nikiandike nini?"

"Kiti cha Waziri," akasema Kaveinga.

"Na zile chupa za dawa?"

"Nyaraka za siri."

Mafile'o akaandika. Kalolaine akazifunika nyaraka za siri kwa taulo. Kisha likazuka jambo zito kuliko yote: kitanda kilikuwa kirefu, na kichwa cha kaka hakiwezi kuwa juu ya kichwa cha dada, awe Waziri awe nani. Wakashusha godoro chini, wakamshusha na Waziri, wakamwekea Balozi kiti. Sioeli alivumilia kushushwa bila kulalamika, ila aliuliza kama wizara nyingine nazo huendeshwa namna hii. Mwisho Kalolaine akatundika kitambaa cha gome la mti, kile kipana cha harusi yao, kutoka ukuta hadi ukuta, akakibana kwa vibanio vya nguo. Godoro likawa upande mmoja, kiti upande wa pili. Dada asingeuona mwili, na kaka asingeona anatazamwa. Nafasi ya Kaveinga ilikuwa sakafuni, mwisho wa kitambaa, ambako angewaona wote wawili.

Siku ya kuagwa Mtukufu alivuka barabara kwa miguu. Alikuwa amevaa kiunoni mkeka wa bibi yake, mkuukuu, laini kama kitambaa, unaotolewa kwa mambo makubwa tu. Watu waliokuwa barabarani wakakaa chini kwa heshima, wa baiskeli wakalaza baiskeli wakakaa, mpaka barabara nzima ikawa imekaa. Luseane naye alikuwa hapo, analia, na alipoulizwa na jirani analia nini alisema ni vumbi.

Mlangoni pa chumba Mtukufu alisimama. Mguu wake ulikuwa umeshainuka, ukabaki hewani. Tangu utotoni mwili ule ulikuwa umefundishwa kutovuka kizingiti kile, na sasa haukutaka kusikia habari za sheria ya kimataifa.

Mafile'o alikohoa. "Wizara ya Mambo ya Nje," akatangaza.

Mguu ukashuka ndani. Mtukufu akaketi.

Kwa muda kilichosikika ni pumzi za nyuma ya kitambaa, nzito, zenye kukwaruza. Mtukufu alizisikia. Kaveinga aliona mikono yake inavyozishika kingo za mkeka.

"Mwambie Waziri," akasema, "niko tayari kupokea maagizo."

Kaveinga akakunja miguu vizuri, akainua kifua, akaanza alikozoea kuanza: kwa babu wa kwanza aliyeshuka pwani, na mwanawe, na mtumbwi wa mwanawe. Hajafika mbali akaona kidole cha Sioeli kimeinuka juu ya shuka.

"Fupisha," Sioeli akanong'ona. "Mababu nitawaona mwenyewe karibuni."

Kaveinga akafupisha. "Yuko tayari, Mheshimiwa."

Sioeli alifumba macho. Ilionekana amelala, Mafile'o akaanza kuangalia saa. Kisha midomo ikacheza, na Kaveinga akainama kusikiliza. Lilikuwa neno moja.

Hilo neno Kaveinga angeweza kulifanya lolote. Angeweza kulipamba kwa mawimbi na ndege wa baharini, likachukua asubuhi nzima, na watu wakatoka wakimsifu. Lakini lilikuwa lile lile alilolitaka yeye na mkewe, akaogopa kuliongezea hata nukta, watu wasije wakasema ni la kwake.

"Anasemaje?" akauliza Mtukufu.

"Anasema, baki."

Mtukufu alingoja liendelee. Halikuendelea.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Mtukufu."

"Kaveinga, wewe ni mzima?"

"Ni mzima, Mtukufu."

Ndipo akaelewa. Kaka aliyeomba hivyo mbele ya watu alikuwa amejivua nguo, na dada hana namna ya kujibu. Angelazimika kujifanya hakusikia, apande ndege ya serikali, aende. Njia ilikuwa moja tu, na yeye alikuwa amezeeka katika kazi ya kutafuta njia moja tu.

"Muulize," akasema polepole. "Anayesema ni kaka yangu, au ni Waziri?"

Kaveinga akageuka. Aliona kwamba swali limeshamfikia mgonjwa kabla yake, na kwamba limemwingia. Maisha yake yote Sioeli hakuwahi kumwambia dada yake fanya hivi. Alikusanya pumzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Waziri!"

Lilitoka kwa sauti. Kaveinga alifungua mdomo alifikishe ng'ambo, akaona limeshafika. Mtukufu alikuwa hajaisikia sauti hiyo ikielekezwa kwake tangu siku za kaa na miamba.

"Mwambie Waziri," akasema, na sauti yake haikuwa imara hata kidogo, "kwamba Balozi amepokea agizo, na atalitii."

Akainamisha kichwa mbele ya kile kitambaa. Hakuna aliyewahi kumwona akimwinamia mtu, si Beijing wala kwingineko. Kalolaine alijiziba uso kwa mikono.

Mafile'o alingoja kwa adabu, kisha akauliza, kwa sababu kumbukumbu lazima zikamilike, kituo kipya cha kazi cha Balozi ni kipi.

"Kibaraza," akasema Mtukufu. "Cha nyumba hii. Upande wa dirisha."

"Kwa kipindi gani?"

"Mpaka agizo lingine."

Brussels walipelekewa balozi mwingine, kijana mwenye koti lake mwenyewe. Koti la Kaveinga Luseane alilikata akashona mito miwili ya kiti, akaipeleka kibarazani kwa Sioeli, mmoja wa Mtukufu na mmoja wa mumewe. Kibaraza ni nje, na nje si chumbani. Hapo hapakuwa na ubishi. Kitambaa cha gome kilishushwa, Waziri akarudishwa kitandani, dirisha likaachwa wazi, na kiti cha Mtukufu kikawekwa ubavuni mwa dirisha kikitazama barabara, ili asiweze kuona ndani hata akijisahau. Kaveinga alikaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Siku ya kwanza hakuna aliyekuwa na la kusema. Walikaa tu, na kwa Mtukufu hilo halikuwa tatizo. Siku iliyofuata Sioeli akamwita Kaveinga kwa kidole.

"Muulize," akanong'ona, "yule mwenye farasi mweupe alinusurika?"

Kaveinga alilipeleka kama lilivyo. Mtukufu aligeuza kichwa nusu, akakirudisha.

"Alinusurika. Aliyekufa ni farasi."

Kaveinga akaingiza kichwa ndani, akakitoa.

"Anasemaje?"

"Anasema bora angekufa mtu."

"Mwambie jumba zima lilisema hivyo."

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila asubuhi Sioeli alitaja filamu moja na mahali alipoiacha, na Mtukufu, aliyekuwa amezikalia zote mpaka taa zikawaka, alimpa mwisho wake kupitia kwa Kaveinga, akiitazama barabara. Alikumbuka kila kitu. Penye mapenzi alikuwa mwangalifu. "Hapa katikati kuna mambo ya watu wawili, tuyaruke," alisema. "Sasa tumefika harusini." Na Kaveinga alileta jibu kwamba Mheshimiwa anashukuru kwa kurushwa. Wapita njia walipunguza mwendo wasikilize. Muuza karanga alihamishia sinia lake chini ya ukuta, na Mtukufu alinunua mfuko kila asubuhi, akampa Kaveinga aupeleke ndani, ingawa mgonjwa hakuweza tena kula. Sioeli aliushika tu mkononi.

Sauti yake ilizidi kwisha. Mwanzoni Mtukufu alikuwa akiisikia kidogo. Baadaye aliyeisikia ni Kaveinga peke yake, ameinamia mdomoni. Filamu nazo zilikuwa zinakaribia kwisha.

Asubuhi moja ya mvua nyepesi alitaja ile ya mwizi wa treni aliyejificha kwa mjane mwenye shamba la mahindi. Alikuwa ametoka pale askari wanapogonga mlango.

"Naikumbuka," akasema Mtukufu. "Niliingia wakati ule ule, nilikuona mgongo." Hili alilisema dirishani moja kwa moja, kama aliyesahau kwamba kuna msemaji. "Basi, askari wanagonga. Mjane ana unga mikononi. Anamtazama mwizi, mwizi anamtazama. Hapo kuna mambo ya watu wawili. Wanagonga tena."

Kaveinga alikuwa anatazama ndani. Aliona shuka kifuani pa Sioeli limeshuka, akangoja lipande, halikupanda. Kalolaine, aliyekuwa ng'ambo ya kitanda, aliliona naye. Akaweka kiganja mdomoni, akamwinulia Kaveinga macho, kwa sababu kuyatangaza haya ni kazi ya msemaji. Na msemaji alikuwa na maneno. Kuna neno la kufa kwa mtu wa kawaida, kuna la mkubwa, kuna la mfalme. Alifundishwa yote kabla hajaota ndevu. Aliyatafuta, hakupata hata moja.

"Anasemaje?" akauliza Mtukufu, akitazama barabara.

"Anasema, halafu ikawaje?"

Mtukufu akageuka. Alimtazama Kaveinga usoni kwa muda mrefu. Alikuwa anamjua, alijua lipi ni la mwenyewe na lipi ni la kuongeza, tangu ile milima ya Beijing na kabla yake. Kisha akaunyoosha mgongo, akalielekea dirisha.

"Mjane akafungua mlango," akasema. "Askari wakaingia, wakatafuta nyumba nzima, chumba kwa chumba. Hawakumkuta." Mkono wake ulikuwa umeshika kizingiti cha dirisha. "Alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma, na karanga zake."